Kengele ya Geti la Bluu

Jumatatu, 3 Julai

Likizo ndefu imeanza na mimi nimeanza kuuza kengele. Nimeandika kwa wino ili baadaye nisijifanye ilikuwa ndoto. Tuko wanafunzi ishirini na wawili kutoka vyuo mbalimbali, tumevalishwa fulana za rangi ya machungwa, na asubuhi nzima tumefundishwa kutabasamu. Msimamizi wetu anasema mteja huona meno kabla ya kuona bidhaa. Nimeshambatiza: Bwana Tabasamu.

Bidhaa yenyewe ni kengele ya mlangoni isiyo na waya. Kitufe kinafungwa getini, kisanduku kinachomekwa kwenye soketi ndani, mgeni akibonyeza kule, huku kunalia. Ina milio kumi na sita, mmoja ni wa jogoo. Kinachonichekesha ni kwamba ili umuuzie mtu kengele, lazima kwanza umpigie hodi. Nimemuuliza Bwana Tabasamu, kama hodi yangu imesikika, kengele ya nini tena? Akaniambia swali hilo nibaki nalo, nisilipeleke kwa mteja.

Kanuni ni hizi: piga hodi tatu, hesabu mpaka thelathini, ukiona kimya ondoka. Ukiuza, rudi siku ya saba kuona kama kengele inafanya kazi, na mteja atie sahihi kwenye kadi. Bila sahihi hiyo hujauza kitu.

Tunatembea wawili wawili. Mimi nimepangiwa kijana wa uhandisi wa umeme, mrefu, mwenye bisibisi mfukoni, ambaye tangu asubuhi amesema maneno manne. Ninamwita Nusu Neno. Yeye ananiita Redio. Hilo ndilo lilikuwa neno la tano.

Jumanne, 4 Julai

Nyumba kumi na tisa. Mbwa watatu. Hatukuuza kengele hata moja.

Alhamisi, 6 Julai

Tumeuza ya kwanza! Mwalimu mstaafu, ametaka ule mlio wa jogoo ili, kasema, amkomeshe jirani yake. Nusu Neno alifunga kitufe kwa dakika tano, mimi nikapiga domo kwa dakika arobaini. Dada yangu, ambaye ndiye anayenilaza chumbani kwake likizo hii, amesema haoni ajabu, mimi ningeweza kumuuzia bubu kamusi.

Ninaanza kujua majibu ya hodi. Kuna "karibu" ya mtu anayemngoja mwingine, inayokufa akiona ni wewe. Kuna "nani?" ya anayeogopa wadai. Kuna kimya cha watu wanaozima televisheni na kujibana ndani huku viatu vyao vimejaa mlangoni. Hao ninawapigia hodi ya nne, kwa roho mbaya tu.

Jumamosi, 8 Julai

Jua la leo lilikuwa la kuadhibu. Lakini tumeuza mbili, na ya pili nitaikumbuka maana niliongea vizuri mpaka nikajipenda.

Ni nyumba yenye geti la bluu, mkabala na duka. Hatukupiga hata hodi. Mwenyewe alikuwa uani anafagia, akatuona, akatukaribisha. Mama wa miaka sitini na kitu, nywele nyeupe zimesukwa vizuri, gauni limepigwa pasi mpaka kwenye mikono. Amestaafu kazi ya kupiga chapa, na mashine yake ya zamani iko kwenye meza karibu na dirisha, imefunikwa kitambaa. Nilimwonyesha kisanduku, nikageukia ukutani kwenye soketi, nikainama kwenye begi, nikazunguka sebule nzima, na muda wote nilikuwa ninamwaga maneno. Kila nilipomgeukia alikuwa ananitazama mdomoni, kwa utulivu ambao wateja wetu hawana.

"Sauti yake inafika nyumba ya tatu, Mama," nilimwambia.

"Nyumba ya tatu?"

"Ya tatu kabisa."

Hapo hapo akainuka kufuata pochi. Bwana Tabasamu ndiye aliyetufundisha maneno ya nyumba ya tatu. Sijawahi kwenda nyumba ya tatu kuhakikisha.

Nusu Neno alibonyeza kitufe getini, kengele ikalia, nikatabasamu, Mama naye akatabasamu. Kwenye kadi nimeandika: ameipenda mno. Njiani Nusu Neno akaniuliza, "Umeona?" Nikamuuliza nini. Akasema, "Basi."

Jumatatu, 10 Julai

Soli ya kiatu cha kulia imeachia. Nimeifunga kwa utepe wa kengele.

Jumatano, 12 Julai

Moja. Upepo na vumbi. Nusu Neno ana mafua na bado haongei, lakini sasa anapiga chafya, walau kuna sauti.

Jumamosi, 15 Julai

Nina hasira, na nitaandika nikiwa nazo.

Leo ilikuwa siku ya saba ya yule Mama Chapa wa geti la bluu. Nimebonyeza kitufe. Kengele imelia ndani, nimeisikia kwa masikio yangu. Dirisha lilikuwa wazi na yeye nilimwona ameketi, mgongo kwetu, anashona kifungo. Nikabonyeza tena. Nikaita hodi, "Mama, ni sisi wa kengele!" Hakugeuza hata shingo. Nikahesabu mpaka thelathini, kisha thelathini nyingine. Alimaliza kifungo, akakata uzi kwa meno, akachukua shati jingine.

Mwenye duka alikuwa anatutazama kutoka kwenye kibaraza chake, anafurahi.

"Mtachoka bure," alisema. "Huyo mama anaringa. Ukimsalimia akiwa amepita, hajibu. Ametia pamba masikioni."

"Mbona kwetu amenunua kengele?"

"Ninyi ni nani? Mwanawe wa kumzaa alisimama hapo hapo mlipo, mwaka juzi. Walikuwa wamegombana baada ya msiba wa mzee, kijana anataka mama ahamie kwake, mama hataki. Akaja kuomba yaishe. Aliita mpaka koo likamkauka. Mama yuko dirishani, kampa mgongo. Kijana aliondoka analia, mtu mzima mwenye mke. Mimi mwenyewe nilikuja kumwambia mama huyo alipofuata sabuni: mwanao alikuja, mbona ulimgeuzia mgongo? Akachukua sabuni yake akaenda zake."

Kwa hiyo hana moyo. Nywele nyeupe, gauni la pasi, na ndani hakuna moyo. Sahihi sijapata na kadi imeharibika kwa jasho. Nimemwambia Nusu Neno kwamba wazee wengine wanastahili upweke wao. Alinitazama, nikajisikia vibaya na hilo nalo limenikasirisha.

Jumanne, 18 Julai

Nilichoandika Jumamosi nimekisoma tena na uso umeniwaka. Sikifuti. Kikae hapo kinisute.

Tulikuwa tunakunywa maji chini ya ukuta wa shule, saa tano. Nusu Neno akaanza kuongea bila kuulizwa, nikashtuka kama aliyeongeleshwa na ukuta.

"Hakugeuka," akasema.

"Ndiyo. Si nimekwambia anaringa?"

"Sisemi Jumamosi. Siku ile tuliyomfungia. Nilipobonyeza, kengele ililia nyuma yake. Kila mtu huwa anageuka kuitazama. Umeona wote? Hata watoto wachanga. Yeye hakugeuka. Alikuwa anakutazama wewe, ulipotabasamu akatabasamu."

Niliiweka chupa chini. Nimemuuzia kengele mtu asiyesikia. Nimeongea dakika arobaini nyumbani kwa mtu, nikaondoka sijajua kwamba hasikii. Ningekuwa nimenyamaza dakika moja tu, nikamuuliza swali na kusubiri jibu, ningejua.

Tulingoja dukani mpaka saa kumi alipotoka kufagia. Nikasimama mbele yake pale anapoweza kuniona. Nikasema polepole, "Shikamoo, Mama." Alinitazama mdomoni, na mimi safari hii niliona kwamba ananitazama mdomoni.

"Marahaba. Mmekuja kwa ajili ya sahihi."

"Tumekuja kukurudishia pesa. Mama, tulikuja Jumamosi, tukabonyeza."

Alisimama na ufagio wake. Akaangalia dukani, akaangalia kitufe chetu getini, akasema kwa sauti ya chini sana, "Njooni ndani. Si hapa."

Ndani aliketi akitukabili wote wawili. Alisema masikio yalianza kuondoka miaka sita iliyopita, kidogokidogo, na mwaka juzi yakawa yamekwenda moja kwa moja. Miaka thelathini na minne alikaa kwenye chumba chenye mashine za chapa kumi na mbili, daktari akamwambia ndizo zilizomla. Mtu akiwa mbele yake anamsoma midomo, na wengi hawagundui. Akiwa nyuma yake, hayupo.

"Kwa nini husemi?" nilimuuliza.

"Nikisema, wataninyanyua hapa kama kabati. Mwanangu alitaka kunihamisha nikiwa mzima. Akijua, je? Nyumba hii niliijenga na babake, tofali kwa tofali. Nikaona heri waseme ninaringa. Mtu anayeringa haonewi huruma."

Kisha akasema lile jambo. Siku ambayo mwanawe alikuja, yeye alikuwa dirishani anashona. Hakujua mpaka alipoambiwa dukani, siku tatu baadaye. Ujumbe wa simu ameuandika mara nyingi na kuufuta kila mara, maana hawezi kusema "sikukusikia" bila kusema kwa nini.

"Siku ile uliposema sauti inafika nyumba ya tatu," akaniambia, "nikajisemea, basi mimi niliye nyumba ya kwanza huenda nitaisikia. Nimekaa siku kumi ninaitegea. Nikadhani labda hakuna aliyebonyeza."

Sikujua macho yangu niyapeleke wapi. Nililia, na yeye ndiye akanibembeleza. Akanisainia kadi kwa mwandiko mzuri ajabu, akakataa pesa, akatuapisha kwamba siri yake haitoki na sisi getini.

Jioni nimempigia simu mama yangu mzazi. Nimemuuliza habari zake, kisha nikanyamaza. Ameongea robo saa. Mwisho akaniuliza kama ninaumwa.

Jumatano, 19 Julai

Hakuna tulichouza. Nusu Neno alikuwa anachora waya kwenye mgongo wa kadi siku nzima.

Jumamosi, 22 Julai

Imewezekana! Nusu Neno amefungua kisanduku, ametoa kipaza sauti, ameunganisha taa ya mezani ya Mama. Kitufe kikibonyezwa getini taa inawaka na kuzimika mara tano. Tulimketisha mahali pake dirishani, mimi nikaenda getini. Nilibonyeza na kabla sijaondoa kidole akawa ametoka mbio, kandambili moja mguuni, nyingine kaiacha ndani.

"Karibu!" akapaza sauti. "Karibu! Karibu!" Alikuwa hajasema "karibu" kwa wakati wake kwa miaka miwili.

Amenifanya nitoke na kubonyeza mara nane. Mwenye duka ameuliza kama tumerukwa na akili.

Jumatatu, 24 Julai

Mbili. Ninazungumza kidogo siku hizi, na watu wananunua zaidi. Bwana Tabasamu anadhani ni mafunzo yake.

Jumamosi, 29 Julai

Tumezoea kupita kwa Mama saa kumi baada ya kazi. Anatupa chai na kutusahihisha. Mimi anasema ninafungua mdomo nusu, ndiyo maana ninasomeka vibaya. Nusu Neno anamsifu, kwa sababu mtu mwenye maneno machache huyatamka yote. Ameniambia, "Kila ukisema jambo la maana unageuka pembeni. Likiwa la maana nitazame." Sijawahi kuambiwa hivyo na mtu, na ni kweli. Hata nikiongea na dada ninaongea na kabati.

Amehamisha kiti. Zamani kililipa dirisha mgongo ili mwanga uangukie anachoshona. Sasa kinatazama taa. Anashona dakika, anainua macho, anashona dakika, anainua macho. Hakumtaja mwanawe wala hakuna haja. Sote watatu tunajua taa ile inamngoja nani.

Jumamosi, 5 Agosti

Mawingu tangu asubuhi, hewa nzito, hakuna mvua.

Nilikwenda dukani kununua sindano za Mama. Mwenye duka akanifungia kwenye karatasi na kuniambia, akicheka, "Kengele yenu imefanya kazi nzuri. Imemfukuza kijana kabisa."

"Kijana gani?"

"Mwanawe. Alikuja tena mwezi uliopita, siku ile ya upepo, Jumatano. Siku mliyokwama getini sikuwaambia, nilidhani mtaing'oa kengele yenu. Akaona kengele mpya. Nilimwona anavyotabasamu, masikini, labda alidhani imewekwa kwa ajili yake. Akabonyeza, ikalia mpaka mimi hapa nikaisikia. Akabonyeza tena. Mara tatu. Mama yuko ndani kimya. Kijana akaja hapa kununua maji. Akasema, sasa ameweka na kengele ili anisikie vizuri wakati hanifungulii."

"Ulimwambia Mama?"

"Nimwambie ili iweje? Mara ya kwanza nilimwambia, akanifanyia nini?"

Jumatano ya upepo ilikuwa tarehe kumi na mbili. Siku nne baada ya kuuza. Siku kumi kabla ya taa. Zamani kijana angeweza kujifariji kwamba huenda mama hakusikia hodi. Kengele yangu ilimnyang'anya hata hilo. Inasikika nyumba ya tatu, na safari hii sikudanganya.

Nilivuka barabara na sindano mkononi. Mama alinifungulia taa ilipowaka, uso umemng'aa, kisha ukafifia alipoona ni mimi, kisha akajilazimisha ung'ae tena ili nisijisikie vibaya. Sikuweza kumwambia. Nilimpa sindano nikaondoka.

Jumapili, 6 Agosti

Nimelala siku nzima na sikulala.

Jumanne, 8 Agosti

Nimemwambia. Nilivuta kigoda mpaka magoti yetu yakagusana, nikamtazama, nikasema neno moja moja: "Mwanao alikuja. Kabla ya taa. Alibonyeza mara tatu."

Sikuhitaji kurudia. Aliinuka, akaichomoa taa, akakunja waya wake vizuri, akaiweka juu ya kabati. Akasema, "Basi hatakuja tena. Mara mbili inatosha kwa mtu yeyote." Nusu Neno alitoka uani. Nilimkuta amesimama karibu na ufagio anajifanya anakagua geti.

Nikamwomba Mama aniruhusu niende kwa mwanawe nimwambie ukweli. Akakataa. Nikamwambia basi nitamwambia tu aje, bila kusema sababu. Alifikiri mpaka chai ikapoa. Mwisho akaniandikia mahali: mtaa wa nyuma ya kiwanda cha magodoro, nyumba yenye karakana ya majokofu, mwanawe ni fundi. "Mwambie namwita," akasema. "Siri yangu usiitoe."

Jumamosi, 12 Agosti

Mimi ni mjinga. Tena mjinga mwenye fulana ya rangi ya machungwa.

Nilimkuta fundi wa majokofu nyumbani kwake. Ana macho ya mamake na namna yake ya kungoja umalize sentensi. Nilikuwa nimepanga maneno tangu asubuhi. Lakini nilipoita hodi, akafungua mlango, akaiona fulana yangu na begi, akasema, "Karibu, mnauza nini?" Mdomo ukaondoka wenyewe. Nikamwambia milio ni kumi na sita. Nikamwambia betri inakaa mwaka mzima. Nilijisikia nikiongea na sikuweza kujizuia. Nusu Neno alikuwa ananivuta begi kwa nyuma.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa upole, "Dada yangu, samahani. Kengele siipendi. Ninamjua mtu aliyeinunua ili wageni wajue hawatakiwi."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Neno lilikuwa limefika kwenye ulimi. Lakini "anakuita" peke yake, kwa mtu aliyekataliwa mara mbili, lingekuwa kama dhihaka, na lile jingine lenye kufungua kila kitu nilikuwa nimeapa silisemi. Nikasema, "Mamako..." Uso wake ukafunga.

"Amekutuma?"

"Anakuita."

"Mwambie miguu yangu imechoka kusimama getini kwake." Akafunga mlango polepole, bila kuubamiza. Heri angeubamiza.

Jumatatu, 14 Agosti

Nilimweleza Mama yote bila kupunguza. Nilipofika pale pa betri kukaa mwaka mzima alininyooshea mkono ninyamaze.

"Ulikwenda kumwita mwanangu," akasema, "ukamuuzia kengele?"

"Nilijaribu. Hakununua."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, Nusu Neno naye akaanza, anacheka bila sauti, mabega tu. Kisha machozi ya Mama yakaendelea na kicheko kikawa kimekwisha. Akajifuta kwa ncha ya kitambaa cha mashine ya chapa.

"Miaka miwili nimekaa hapa ninamngoja apige hodi niisikie," akasema. "Yeye ndiye aje, yeye ndiye aite, yeye ndiye asimame juani. Na mimi? Miguu yangu ina nini?"

Akainuka, akakusanya vikombe.

"Jumamosi mnipeleke. Tena vueni hayo mafulana."

Alhamisi, 17 Agosti

Manyunyu. Moja. Chuo kinafunguliwa wiki ijayo. Bwana Tabasamu ametusifu mbele ya wote, sijui alisema nini, nilikuwa ninafikiria mlango mmoja.

Jumamosi, 19 Agosti

Tumeondoka kwake saa nne. Alivaa gauni la kijivu na viatu vya ofisi alivyostaafu navyo. Njiani alinishika mkono, kwa sababu hasikii magari yanayotokea nyuma. Mbele ya kiwanda cha magodoro aliniuliza kama mwanawe amekonda. Nikamwambia hapana. Akaniuliza tena tulipofika kona.

Karakana ilikuwa imefungwa, lakini ndani ya nyumba redio iliimba. Nilitaka kupiga hodi mimi. Mama akanisogeza kando.

"Hodi!" aliita. Hapimi sauti yake, haisikii. Ilitoka kubwa mno, mtaa mzima uligeuka.

Redio ikazimwa.

"Wamejibu?" akaniuliza.

"Bado."

"Hodi!"

Nilisikia kiti kikiburutwa ndani. Nilisikia sauti ya mwanamke ikinong'ona, "Si ni mama?" na sauti ya mwanaume ikisema, "Mwache." Mama alikuwa ananitazama. Sijui uso wangu ulimwambia nini.

"Hodi!" Hii ya tatu ilikatika katikati.

"Wamejibu?"

Msimu mzima nimepiga hodi kwenye milango ya watu, na kimya chao nilikuwa ninakihesabu mpaka thelathini nikaenda zangu nikitukana. Leo nimesimama mbele ya kimya kimoja na sikuweza kukihesabu. Nilitikisa kichwa. Mama akatazama chini, kwenye viatu vyake vya ofisi, akageuka kuondoka. Alipiga hatua moja. Kisha akageuka tena, akaweka kiganja juu ya mlango, akauambia mlango:

"Mwanangu, sisikii. Masikio yangu yamekufa. Siku ile ulipoita sikukusikia, nilikuwa ninashona. Na siku uliyobonyeza kengele sikukusikia. Nilikuficha, nikaogopa utanihamisha. Hata sasa hivi, kama umenijibu, sijui. Kama umeniambia niondoke, sijui. Kwa hiyo ukitaka kunijibu chochote, hata kibaya, itabidi ufungue."

Alibakia vile vile, kiganja mlangoni. Mimi ndiye niliyesikia miguu ikija mbio, na kitasa. Yeye alihisi mbao ikiondoka chini ya mkono wake.

Mwanawe alikuwa na shati wazi na povu la sabuni shavuni, kanyoa nusu ya kidevu. Alifungua mdomo kusema, kisha akaufunga. Akatoka nje, akazunguka mpaka jua likamwangaza usoni, akainama ili wawe sawa. Hakuna aliyemfundisha. Akasema, neno moja moja:

"Karibu, Mama."

"Nimekuona," akasema Mama. Alimshika mashavu yote mawili, povu likamjaa viganjani. "Nimekuona ukisema."

Nusu Neno alikuwa anatazama angani. Mke wa fundi alikuwa amesimama mlangoni na taulo mkononi, analia, na nyuma ya sketi yake mtoto mdogo anachungulia. Hakuna aliyetuambia kwamba kuna mtoto. Hata Mama hakujua.

Fundi alinitupia jicho juu ya bega la mamake. "Wewe si yule wa kengele?"

"Ndimi," nilisema.

"Ingieni nyote."

Lakini Mama alikuwa hajaondoka pale. Alikuwa bado amemshika mwanawe uso, anaukagua upande ulionyolewa na upande wenye povu.

"Sema tena," akamwambia.

Akasema tena.